Neno Moja Kwenye Chupa

Kinga, mke wa mwanangu, hakuikataa zawadi.
Aliigeuza tu, akaitazama mgongoni
kama mtu anayetafuta bei iliyobanduliwa,
akaiweka juu ya friji, pembeni ya redio,
akasema: "Asante, Mama. Nitaisoma."

Nitaisoma! Losheni!
Mimi niliyelea watatu hapa hapa Radom
kwa poda iliyopaa jikoni kama unga wa kinu,
nikawapaka, wakapiga chafya, wakakua.
Nikameza chai yangu pamoja na maneno yangu.
Chai ilikuwa ya moto. Maneno yaliizidi.

Ignacy ana siku kumi na tisa.
Alitutangulia kwa wiki tano, hata kitanda hakijafungwa skrubu,
akiwa mwekundu, na ngozi yake, nisemeje,
ngozi yake ni ile ya kitunguu iliyo ndani kabisa,
inayobaki imeganda kidoleni ukishamaliza kumenya.
Ukimwinua mkono unaona mishipa ya kwapani,
ya buluu, kama mito kwenye ramani ya darasani.

Usiku, Kinga amelala, theluji inajaza kizingiti cha dirisha.
Nikavaa miwani juu ya miwani
nikaishusha chupa, nione ni nini hicho kinachosomwa.

Maji. Sawa, maji nayajua.
Glisarini. Naam, tulikuwa nayo kwa mapipa.
Mafuta ya lozi. Kisha jina refu
kama treni ya mizigo pale reli inapokata barabara,
unahesabu mabehewa hadi unasahau ulikuwa unakwenda wapi.
Na mwishoni, fupi, safi,
limeketi kama mgeni mwenye adabu:
manukato.

Nikakaa chini.

Maana neno hilo nalijua kwa mikono.
Miaka ishirini na sita, kiwanda cha sabuni, idara ya tatu,
mimi na Halszka na Ewaryst aliyekuwa kiziwi,
tukimimina.
Chupa arobaini ziliingia kwenye pipa moja
zikatoka na jina moja.
Arobaini! Nyingine ya maua,
nyingine ya maganda ya limau, nyingine
msimamizi alikwisha ibandua lebo kabla hatujafika zamu.
Halszka viganja vilimpasuka kila Novemba,
akasingizia baridi. Sote tulisingizia baridi.
Baridi ilibebeshwa mengi miaka ile.

Sisemi chupa hii ina sumu. Sijui.
Na ndilo linaloniuma: nilimimina, na sijui.
Mtu mzima anaweza kuishi na kutojua,
ana ngozi nene, ana kinywa cha kuuliza.
Huyu ataniuliza kwa lugha gani?
Atalia, nasi tutasema ni njaa.
Atatoka vipele, nasi tutasema ni meno,
na meno yenyewe bado miezi.

Nikafungua kifuniko kidogo.
Jikoni kote kukanukia shamba la lavenda
ambalo sikuwahi kulitia mguu.
Nikaenda nikainama kwenye kitanda chake:
maziwa, na kitu kama kinyunya kabla hakijaumuka.
Nani alisema harufu hii ina upungufu?
Nani alitulipa, sisi watatu, kuifunika?

Asubuhi Kinga alinikuta nimeshachemsha maji
na kuyapoza hadi kiwiko changu kikaridhia.
Pamba. Taulo kuukuu, lililofuliwa mpaka likalegea.
Kikopo cha mafuta ya mgando, yale aliyoyaandika mkunga,
hayanuki chochote, hayajisifu chochote,
na mgongoni mwake mna mstari mmoja.
"Umeisoma?" akaniuliza.
"Nimeisoma."
Hakucheka. Hakusema "si nilikuambia."
Alikunja mikono ya sweta yangu, mmoja, kisha wa pili,
akanipa mtoto.

Losheni sikuitupa, nimelelewa na watu wa foleni.
Jioni naipaka mwenyewe, visigino.
Vinanukia ajabu.
Sijui vinanukia nini.